Kete zisizolingana mwishoni mwa mchezo wa sataranji: umwamini mpimaji gani?

Ngome na askofu dhidi ya ngome peke yake: tofauti ni pointi 3 (askari ni 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9). Maaskofu wawili dhidi ya farasi mmoja: pointi 3 vilevile. Ya kwanza kwa kawaida ni sare, ya pili kwa kawaida ni ushindi. Malkia dhidi ya ngome ni pointi 4, na mara nyingi malkia hushinda. Askofu na askari wa pembeni dhidi ya mfalme mtupu nayo ni pointi 4, lakini askofu akiwa wa rangi isiyofaa, yaani haigusi kona anakoelekea askari, na mfalme akawahi kona hiyo, hakuna wa kuivunja sare hiyo. Farasi wawili dhidi ya mfalme mtupu, pointi 6, hawawezi kulazimisha mati, yaani kumfunga mfalme asiokoke. Askofu na farasi, pointi hizohizo 6, wanamaliza kazi ndani ya hatua 33 hata wakianzia mahali pabaya kabisa.

Kwa mtu wa Mtwara au Lindi hili halihitaji maelezo marefu. Magunia mawili ya korosho yanaweza kulingana kwenye mzani wa ghala na bado yasilingane bei mnadani, kwa sababu daraja halisomwi kwenye kilo. Injini za sataranji, yaani programu zinazochambua mchezo, ni wapima daraja, na kila moja ina namna yake ya kupima. Ndiyo maana nafasi moja (mpangilio uleule wa kete ubaoni) inakupa +5 kwenye programu moja, +2 kwenye nyingine na 0.00 kwenye ya tatu, nawe umebaki na simu mkononi hujui umwamini nani.

Ulinganisho huu ni kwa mchezaji wa kawaida au mwalimu wa klabu ya shule mwenye simu janja, bando la wiki, na pengine kompyuta moja ya kushirikiana. Wapimaji ni wanne: hesabu ya mkono ya injini za zamani, Stockfish ya sasa, Leela (zote mbili ni injini), na majedwali ya mwisho wa mchezo. Kote humu askofu ni yule anayekwenda kimshazari, ngome inakwenda wima na mlalo, askari ndiye mdogo wa mbele. Boma ni mpangilio wa kujihami ambao mwenye nguvu hawezi kuuvunja hata akiwa na kete nyingi. Idadi ya kete inajumuisha wafalme wote wawili.

Tunawapima kwa nini

Maswali ni matano kwa kila mmoja. Namba yake ina maana gani hasa? Anazishikaje kete zisizolingana? Anakosea wapi, na kwa nini? Anadai kifaa gani, bando kiasi gani, umeme kiasi gani? Na anamfaa nani? Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mpimaji ambaye makosa yake unayajua ana faida kuliko mpimaji bora usiyejua anapoteleza wapi.

Hesabu ya mkono: Stockfish 11 na wenzake

*Maana ya namba.* Hapa kila kanuni imeandikwa na binadamu, kisha ikarekebishwa kwa maelfu ya michezo ya majaribio. Namba ni jumla: thamani ya kete, ongezeko la maaskofu wawili, uhuru wa kutembea, askari aliyepita (asiye na askari adui wa kumzuia mbele), usalama wa mfalme. Stockfish 11, ya Januari 2020, ndiyo toleo kuu la mwisho lililotegemea hesabu hii peke yake.

*Kete zisizolingana.* Siri yake ni kwamba kila kete ina bei mbili, ya katikati ya mchezo na ya mwishoni, na injini huteleza taratibu kutoka bei moja kwenda nyingine kadiri kete zinavyopungua ubaoni. Kwa vipimo vya Stockfish ya kizazi hicho, askari ni kama 126 katikati na 208 mwishoni. Farasi 781 na 854. Askofu 825 na 915. Ngome 1276 na 1380. Malkia 2538 na 2682.

Sasa pima lile swali linalowasumbua wengi: askofu na farasi, au ngome na askari wawili? Katikati ya mchezo, 825 na 781 ni 1606, na upande wa pili 1276 na 252 ni 1528. Kete ndogo zinaongoza kwa 78. Mwishoni, 915 na 854 ni 1769, lakini ngome na askari wawili wamefika 1796. Mzani umegeuka bila mtu kula chochote zaidi. Mwenye ngome anayesubiri malkia waondoke kabla ya kuingia kwenye mabadilishano hayo ana hoja, na hesabu hii inakuonyesha hoja yenyewe.

Larry Kaufman alichapisha mwaka 1999 uchambuzi wa michezo mingi na kupata picha inayofanana: farasi na askofu takribani askari 3 na robo kila mmoja, ngome 5, malkia 9 na robo tatu, na nusu askari ya ziada kwa mwenye maaskofu wawili. Aliongeza kwamba farasi hupanda thamani askari wakiwa wengi, na ngome hushuka. Injini nyingi zilizofuata zilibeba wazo hilo kwa namna moja au nyingine.

*Inapokosea.* Inajua ilichofundishwa, basi. Chukua boma maarufu: mweusi ana mfalme g8, askari g7, na ngome inayopishana f6 na h6 huku ikilindwa na askari huyo, mweupe ana mfalme na malkia tu. Ukihesabu kete peke yake, mweupe anaongoza kwa 1094, yaani zaidi ya askari 5 kwa bei ya mwishoni. Ni sare, kwa kuwa mfalme mweupe hapati njia ya kuvuka mstari wa ngome. Waandishi wa Stockfish walilijua boma hili na wakaliandikia kanuni yake: malkia peke yake, ngome kwenye mstari wa tatu, askari ameilinda, mfalme yuko karibu, basi hesabu sifuri. Lakini kanuni hiyo inadai mwenye malkia asiwe na askari hata mmoja. Mpe mweupe askari mmoja tu, hata yule asiye na kazi, na kanuni haiitwi tena. Namba inarudi kuwa kubwa hata pale ambapo hakuna kilichobadilika.

Ndivyo ilivyo pia kwa askofu wa rangi isiyofaa, farasi wawili, na ngome dhidi ya askofu: kila kimoja kina kifungu chake, na nje ya vifungu ni jumla na toa.

*Inadai nini.* Kidogo sana. Simu ya zamani inaiendesha bila taabu, bila bando. Kwenye kompyuta, andika nafasi yako kisha amri ya *eval*, nayo itakutolea jedwali mstari kwa mstari: kete zimechangia kiasi gani, kutolingana kiasi gani, askari waliopita kiasi gani. Hakuna mwingine kati ya hawa wanne anayejieleza hivyo.

*Inamfaa nani.* Mwalimu anayetaka watoto waelewe kwa nini, na mwanafunzi aliyetoka kwenye drafti ambaye bado anadhani kila kete ina bei moja siku zote. Kwa kuamua kama nafasi ngumu imeshinda au la, usiitegemee.

Stockfish ya sasa

*Maana ya namba.* Tangu Stockfish 12 ya Septemba 2020, upimaji unafanywa na mtandao mdogo wa neva (programu inayojifunza kwa mifano, si intaneti) wa aina ya NNUE, wazo lililobuniwa na Yu Nasu mwaka 2018 kwa ajili ya shogi, sataranji ya Japani. Hesabu ya mkono iliendelea kusaidia pembeni, kisha ikaondolewa kabisa kufikia toleo 16.1 la mwaka 2024.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kuanzia toleo 15.1, +1.00 haimaanishi tena askari mmoja. Inamaanisha kwamba kwenye nafasi hiyo injini ikicheza na nakala yake ina uwezekano wa asilimia 50 wa kushinda, na sehemu kubwa ya inayobaki ni sare. Kwa hiyo kumwambia mwanafunzi “una askari mmoja zaidi” kwa sababu ya +1.00 ni kumpotosha. Mwambie “umefika mpakani”.

*Kete zisizolingana.* Mtandao hauna orodha ya bei. Unaangalia kila kete iko wapi ukilinganisha na mfalme, na tangu toleo 14 la mwaka 2021 una tabaka nane za mwisho zinazochaguliwa kwa idadi ya kete zilizobaki. Nafasi ya kete 10 haipimwi kwa tabaka lilelile la kete 30. Toleo 16.1 likaongeza mtandao wa pili, mdogo na mwepesi, kwa nafasi ambazo upande mmoja umezidi mno, ili muda usipotee kuthibitisha kilicho wazi.

Kwenye kompyuta, *eval* ya matoleo haya inafanya jambo zuri: inaondoa kila kete kwa zamu, inapima upya, na kukuandikia chini ya kete hiyo thamani yake hapohapo ilipo. Ukiona farasi wa kona ana thamani ndogo kuliko askari wawili waliopita, umepata somo la siku nzima. Usizichukue namba hizo kama bei za kudumu, maana kete ikisogea mraba mmoja nazo zinabadilika.

*Inapokosea.* Boma, bado. Mtandao umejifunza kwamba mwenye malkia dhidi ya ngome na vijiaskari kwa kawaida hushinda, na utafutaji wake hauwezi kuona kwamba hakutatokea kitu milele. Unaona tu kwamba hakijatokea bado. Dalili zake zinatambulika: namba inaganda, tuseme +2 na kidogo, kutoka kina (umbali inaotazama mbele) cha 25 hadi 40, hatua inayopendekezwa inabadilikabadilika, na hatua tatu za juu zina namba karibu sawa. Ushindi wa kweli mara nyingi hufanya kinyume chake, namba hupanda kadiri kina kinavyoongezeka.

Kuhakikisha, weka mistari mitatu ya uchambuzi, kisha sogeza mbele hatua 20 kwa kufuata mapendekezo yake mwenyewe. Injini hupunguza namba kidogo kidogo kadiri hatua zinavyopita bila kete kuliwa wala askari kusogea, kwa sababu ya kanuni ya hatua 50: hatua 50 za namna hiyo ni sare. Ikishuka tu bila askari kusogea wala mfalme kusonga, uko mbele ya boma.

*Inadai nini.* Kwenye Android, programu kama DroidFish huja nayo, na haihitaji intaneti ikishawekwa. Inachodai ni betri na ubaridi. Kwenye joto la mchana wa Mtwara, simu inayochambua kwa nyuzi zote za kichakato (kazi kinazofanya kwa pamoja, “threads”) hupata moto, na ikishapata moto hujipunguza kasi yenyewe. Kina ulichokifikia kwa dakika mbili za mwanzo kinaweza kukuchukua muda mrefu zaidi baadaye. Punguza nyuzi ziwe mbili, ondoa kava la simu, na chambua asubuhi au usiku. Umeme ukikatika ukiwa na asilimia 15 ya chaji, chagua nafasi moja tu.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mwenye nafasi ya kete 8 au zaidi ubaoni, mradi asome mwenendo wa namba na si namba yenyewe.

Leela

Leela Chess Zero ilianza mwaka 2018, ikifuata njia ya AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind: mtandao mkubwa uliojifunza kwa kucheza na nafsi yake. *Namba yake* ndiyo nyepesi kueleweka kwa binadamu kuliko zote ukiiwasha: ushindi, sare, kushindwa, kila kimoja kwa sehemu yake. Ngome mbili dhidi ya malkia, askari sawa pande zote. Leela inaweza kukwambia sare ni sehemu kubwa mno, jambo ambalo +0.40 tupu haliwezi kulisema.

*Kwa kete zisizolingana* ina jicho la picha nzima, na katika nafasi zenye malipo ya muda mrefu, kama kutoa ngome kupata askofu na askari wawili walioshikana, hukadiria vizuri bila kuhesabu sana. *Inapokosea* ni pale panapohitaji hesabu kali: inapitia nafasi chache mno kwa sekunde kuliko Stockfish, na mwisho wa mchezo wenye njia moja tu ya ushindi hauna huruma kwa asiyehesabu. Zamani ilikuwa na tabia ya kuzungukazunguka ikiwa imeshashinda, kwa kuwa ilijali uwezekano wa ushindi na si umbali wake. Mwaka 2020 iliongezewa sehemu ya kukadiria hatua zilizobaki, na tabia hiyo ikapungua.

*Inadai* kadi ya picha yenye nguvu. Kwenye simu au kompyuta mpakato ya kawaida itabidi utumie mtandao mdogo, na hapo unapoteza kile kilichokufanya uitafute. *Inamfaa* mwenye kompyuta ya michezo ya video, au mwalimu anayetaka kuonyesha kwamba “bora” na “imeshinda” ni vitu viwili.

Majedwali

*Maana ya namba.* Hapa hakuna makadirio. Kila nafasi ya kete chache imekokotolewa kwa kurudi nyuma kutoka mati na kuandikwa: ushindi, sare au kushindwa. Majedwali ya Syzygy, kazi ya Ronald de Man ya mwaka 2013, ndiyo yanayotumika zaidi leo, na sasa yanafika kete 7. Yanakupa pia umbali, lakini si umbali wa mati: ni hatua ngapi hadi kete iliwe au askari asogee huku ushindi ukibaki.

*Kete zisizolingana.* Ubishi wa vizazi uliishia hapa. Maaskofu wawili dhidi ya farasi: tangu karne ya 19 wachezaji waliamini kuna boma la kujihami, mpaka Ken Thompson alipokokotoa mwaka 1983 na kuonyesha kwamba maaskofu hushinda, ingawa kuna nafasi zinazodai hatua 66. Zaidi ya 50, unaona. Majedwali ya Syzygy yanautenga ushindi wa namna hiyo: upo, ila kanuni ya hatua 50 inaweza kuufuta. Ngome na askofu dhidi ya ngome nayo ina baadhi ya nafasi za aina hii.

*Yanapokosea.* Hayakosei jibu. Yanakosea kama mwalimu. Yatakuambia hatua 12 zote ni ushindi bila kusema ipi binadamu anaweza kuifuata hadi mwisho. Wakati mwingine hupendekeza kutoa kete bure, kwa kuwa kuliwa kunaanzisha hesabu upya na ushindi bado upo. Mtoto akiiga, amekwisha.

Na neno “sare” linaficha mengi. Kwenye ngome na askofu dhidi ya ngome, jedwali linasema sare, lakini anayejihami hupoteza mara nyingi mezani. Tumia njia hii: weka nafasi, hesabu majibu ya anayejihami ambayo bado ni sare. Yakiwa 14 kati ya 18, ni sare ya kunywea chai. Likiwa moja kati ya 18, mashine itaokoka; mchezaji wa saa ya nne mezani huenda asiokoke. Hakuna injini inayokupa kipimo hiki cha ugumu kwa uwazi kama huu.

*Yanadai nini.* Ya kete 3 hadi 5 ni kama GB 1: takribani MB 380 za jibu na MB 560 za umbali. Hayo yanaingia kwenye memori kadi ya simu yoyote. Ya kete 6 ni takribani GB 150, kazi ya diski ya kompyuta. Ya kete 7 yanazidi TB 16. Usifikirie kuyapakua, uliza tovuti ya Lichess mtandaoni, maana swali moja linatumia data ndogo sana.

Pakua ya 5 mara moja kwa bando la usiku, kisha rushianeni kwa flashi. Kosa la kawaida ni kunakili nusu. Jedwali la malkia dhidi ya ngome na askari linahitaji pia yale madogo yanayofuata kete ikiliwa, na faili moja likikosekana injini hailalamiki, inaendelea kukadiria kimyakimya. Ukiweka njia ya folda kwenye *SyzygyPath*, Stockfish hutangaza imekuta majedwali mangapi. Seti kamili ya hadi kete 5 ni 145. Ikisema 0, njia imeandikwa vibaya.

*Yanamfaa nani.* Yeyote mwenye kete 7 au pungufu na intaneti, au 5 na pungufu bila intaneti.

Kwa hali yako

Kete 7 au chini na mtandao upo: jedwali kwanza, mengine baadaye. Kete 5 au chini na uko Nachingwea bila mtandao: Stockfish pamoja na yale majedwali ya GB 1.

Kete 8 hadi 12, tuseme ngome na askari watatu dhidi ya askofu na askari wanne, ambazo ni 11: jedwali haliwezi kujibu moja kwa moja. Stockfish ya sasa, mistari mitatu, na majedwali yakiwa yameunganishwa ili yapime matawi ya mbele yatakayofika kete chache. Namba ikiruka ghafla hadi karibu na 200, tawi limegusa jedwali na ushindi ni wa uhakika. Ikianguka hadi 0.00, limegusa sare.

Unafundisha watoto thamani ya kete: Stockfish 11 na jedwali lake la *eval*, kisha uwape ile mifano ya pointi 3 na pointi 6 ya mwanzoni wajaribu wenyewe ubaoni kabla ya kuona jibu.

Unaandaa mchezaji kwa mashindano: Stockfish ikupe ukweli, na kete zikishapungua, hesabu ya majibu salama kwenye jedwali ikuambie kama ukweli huo unachezeka. Una kadi ya picha nzuri: ongeza Leela uone sehemu ya sare ni kubwa kiasi gani.

Wapimaji wawili wakipingana, angalia kwanza idadi ya kete, kisha rangi ya askofu na kona ya askari wa pembeni. Kwa askari wa safu ya h anayepanda juu, h8 ni mraba mweusi, hivyo askofu wa miraba myeupe hamsaidii: mfalme mweusi akishafika h8, sogeza unavyotaka.